Blanketi Nililolitoa Bila Kukuuliza

Mwanangu Rehema,

Barua huanza kwa kuulizia hali, lakini hali yako naijua. Uko kwa msusi tangu saa tano, kichwa kinavutwa huku na huku, na ukirudi hutaweza hata kucheka sawasawa. Mimi nipo barazani. Cherehani nimeifunika kitambaa nikaigeuza meza, na wateja wawili wameshapita wakaniuliza kama siku hizi nimekuwa karani. Nina saa tatu za kuandika, labda nne kama umechagua zile nyembamba.

Sitakuandikia mambo ya kula na kulala. Mama yako mdogo amekuhubiria wiki nzima: usiazimishe ndoo, usifue nguo ukaziacha kwenye kamba, Dodoma kuna vumbi. Sheria za chuo cha uuguzi utazikuta zimebandikwa ukutani. Mimi nina jambo moja tu. Nimekaa nalo miaka saba, na nataka ulijue kabla hujapanda treni kesho asubuhi. Nilikuwa nimepanga kuichomeka barua hii chini ya nguo zako ili uikute huko huko, mimi nikiwa mbali na macho yako. Nikajiona mjanja kweli. Halafu nikaona ni uoga wangu ule ule wa siku zote, basi nimeamua utaisoma hapa hapa nyumbani, leo, mimi nikiwepo.

Jambo lenyewe ni hili. Blanketi lako la vipande halikuibiwa. Nililitoa mimi. Tausi hakuligusa.

Ukitaka kuikunja barua hapa uje unitazame usoni, njoo. Kama unaweza kuendelea, endelea, maana sitaki ulisikie nusu.

Unaikumbuka Desemba ile ulipovunja ungo. Mimi nilitaka mambo yaishe kimjini, maneno mawili matatu na kanga mpya, urudi kwenye madaftari yako. Bibi yako akakataa. Alisema mimi mwenyewe nilikaa ndani miezi, yeye alikaa zaidi, na mjukuu wake hatapitishwa harakaharaka kama mtu aliyechelewa gari. Akakuchukua Mkuyuni, akakuweka ndani likizo nzima. Na kwa kuwa alikujua huwezi kukaa bila kazi mikononi, akatoa amri ambayo sijaisikia kwenye nyumba nyingine: kila mwanamke wa ukoo anayekuja kumwona mwali aje na kipande cha kanga yake.

"Mtu asiniletee kipya," alisema. "Nataka kilichofuliwa mpaka kimechoka."

Wakaja. Mama zako wakubwa, mama zako wadogo, bibi zako wa kule juu Matombo waliokuwa hawajashuka bondeni tangu wajukuu wao wa kwanza wazaliwe. Ukoo wetu unapita kwa mama, kwa hiyo uliwashona wote waliokuleta duniani, kwa sindano ya mkono, na bibi amekaa kitako mlangoni anakuonyesha kipi kikae jirani na kipi. Kile chekundu cha katikati kilikuwa chake mwenyewe, alikivaa siku aliyonizaa. Alikuambia ulitunze mpaka siku utakapombebea mwanao wa kwanza.

Na kwenye kona kulikuwa na mfuko wa bluu. Huo najua hujausahau, hata kama umejilazimisha. Tausi si wa ukoo wetu. Alikuwa mtoto wa jirani tu, lakini kila Ijumaa nilipopanda Mkuyuni kukuona alinifuata, na mara ya tatu akaja ameshika mfuko alioukata kwenye sketi yake ya shule ya msingi, kwa sababu kwao hakukuwa na kanga ya kukatwa. Nilidhani bibi atakataa. Aliugeuzageuza ule mfuko, akasema, "Huyu naye wa hapa. Mshone pembeni, asibanwe na wazee." Ukaushona ukauacha wazi mdomo, eti aweze kukuwekea barua humo.

Mimi nililisahau lile blanketi lilivyopatikana. Hapana, nimeanza tena. Sikulisahau. Nililijua vizuri, nikalitoa hivyo hivyo.

Sasa nikueleze habari za gunia. Kila fundi ana gunia la mabaki chini ya cherehani. Mteja akileta kitenge chake gauni likatoka, vipande vinavyobaki ni vyake kama atavidai, na karibu hakuna anayevidai. Vinakaa. Siku moja Sista mmoja wa kule Mgeta alikuja kushonewa mapazia, akaliona gunia, akaniambia kituoni kwake kuna watoto wasio na wazazi, na baridi ya kule unaijua, ukungu unaingia mpaka kitandani. Nikamshonea blanketi moja la mabaki, nikaweka bitana ya shuka kuukuu, katikati nikatandika sweta la mtumba lililokatwakatwa. Akalipokea kwa mikono miwili. Aliporudi mara ya pili akaniambia mtoto aliyepewa amekataa kulivua asubuhi, amekwenda nalo kwenye uji.

Mwanangu, nilifurahi kwa haki. Ile furaha ya mwanzo haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuja watu walipoanza kusema. Wanawake wa sokoni wakaniita Mama Mablanketi. Nilikuwa mjane mwenye cherehani moja ya kukanyaga, ghafla nina jina. Nikaanza kutembea polepole barabarani ili watu wapate nafasi ya kunisalimia. Wewe ulikuwa unalala na shuka lililotoboka miguuni na uliniambia mara mbili, nikakujibu kwamba kuna watoto hawana hata hilo. Ni kweli walikuwepo. Lakini niliwatumia kukunyamazisha, na hilo halikuwa jema.

Nikamwahidi Sista mablanketi arobaini, kila kitanda na lake. Nilishona miezi. Yalikuwa yapande na lori linaloshusha kabichi sokoni, kwa sababu likirudi Mgeta huwa tupu. Asubuhi ya safari nilikuwa napiga pasi la mwisho, wewe umeshakwenda shule, Mama Jamila akapita hapa barazani. Nikaanza kumsimulia Sista alivyonisifu mbele ya padri. Nilisimulia vizuri mno. Pasi ya mkaa ilikuwa imetulia mahali pamoja, na niliponusa, tundu lilikuwa limeshafika kwenye bitana.

Dereva akaanza kupiga honi. "Mama, mawingu yale huyaoni? Mvua ikinikuta mlimani nalala njiani na blanketi zako!"

Nilikuwa na thelathini na tisa. Ningeweza kumwambia, haya, peleka thelathini na tisa, moja litakuja wiki ijayo. Wiki moja tu, na mtoto mmoja angeazimwa shuka. Badala yake niliingia chumbani kwako nikalitoa lako kitandani, nikalikunja chekundu kikiwa ndani kisionekane, nikampa. Likawekwa juu kabisa ya mzigo.

Miaka mingi nilijiambia nilimfikiria yule mtoto wa arobaini. Sikumfikiria. Sista alikuwa amesema siku hiyo kutakuwa na wageni na watayahesabu mablanketi kitanda kwa kitanda, na mimi nilitaka wakifika mwisho wasikose. Basi. Ni hilo tu, wala halina ukubwa wowote.

Ulirudi saa tisa na vumbi miguuni. Hukuvua hata viatu.

"Mama, blanketi langu liko wapi?"

"Nililifua nikalianika. Nimetoka kulitoa, silioni."

"Nani alipita?"

"Sijui mimi. Alipita Tausi tu, alikuja kuazima uzi."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mpaka yamekwisha ladha. Ona nilivyoyapanga. Sikusema ameiba. Tausi hakwenda shule siku ile, na kweli alikuja kuazima uzi, muda mfupi kabla ya lori. Nilichukua kitu cha kweli nikakitumia kama bitana, uongo wenyewe nikauweka ndani ambako hauonekani. Ulikuwa na miaka kumi na tatu na uliniamini kwa sababu ulikuwa hujawahi kupata sababu ya kutoniamini.

Ulikwenda kumkuta bombani mbele ya watu na ndoo zao. Mambo uliyomwambia mimi sikuyasikia, nilisimuliwa. Nasikia alisema "Sijachukua" mara moja tu, akatua ndoo yake chini. Jioni mama yake akamleta hapa amemshika mkono, mtoto ameshachapwa, alama za fimbo zinaonekana.

"Mama Rehema," akasema, "kama amechukua, niambie mbele yake."

Na mimi, mwanangu, mimi nikasema: "Basi dada, yaishe. Nguo tu hiyo. Nimeshamsamehe."

Nilimsamehe! Mtoto wa watu, kwa kosa langu, mbele ya majirani, na majirani wakaondoka wanasifu moyo wangu. Tausi alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile na mtoto, na nilidhani ni aibu imemshika. Jana nimejua haikuwa aibu.

Unakumbuka alikuwa anajifunza kwenye cherehani yangu. Wewe hukuipenda, ulikuwa na vitabu vyako, lakini yeye alikuwa na mkono. Kola aliikalisha mara moja tu na ikakaa. Nilikuwa nimemwambia akimaliza shule nitamwachia cherehani siku za Jumamosi apate wateja wake. Baada ya siku ile hakukanyaga tena barazani kwangu. Leo anauza karoti na kabichi sokoni, meza ya tatu ukitokea upande wa nguo, na mikono yake imepasuka kwa maji na baridi ya alfajiri.

Nilipata nafasi ya kulirudisha. Mwaka uliofuata nilipanda Mgeta na mzigo mwingine, na nilikwenda nimeazimia, nina hadithi yangu tayari kwamba lilichanganyika kwa bahati mbaya. Nikalikuta. Alikuwa nalo msichana wa miaka sita au saba, anaitwa Pili, amelitandika kwenye majani nje, penye kijua. Alikuwa anagusa kipande kimoja kimoja na kidole.

"Unafanya nini, mwanangu?" nikamuuliza.

"Nawaamkia." Akaweka kidole kwenye kile chekundu. "Huyu bibi. Shikamoo bibi. Huyu mama mkubwa. Huyu shangazi, huyu mkali." Akafika kwenye kona, akaingiza vidole mfukoni na kutoa karatasi ya peremende. "Huyu rafiki yangu. Ananitunzia vitu."

Hakuna aliyemwambia. Hakuwa na mtu hata mmoja duniani anayejulikana, akaushika ukoo wetu mzima akaupanga kuwa wake, na karibu aupange kwa usahihi. Ningelitoaje mikononi mwake? Nilikaa pale kwenye majani mpaka Sista akaja kuniuliza kama milima imenichosha. Nikasema ndiyo. Nikashuka mikono mitupu, na nilipofika nyumbani ukaniuliza Mgeta kukoje, nikakujibu baridi.

Usiniambie kwamba basi ilikuwa heri, kwa kuwa Pili alilihitaji kuliko wewe. Hilo nimejaribu kujiambia mwenyewe na halishiki. Ungeniambia umeliona na unampa, lingekuwa lako na ungekuwa umetoa. Mimi nilitoa kitu cha mwenzangu nikajipatia sifa, na deni la uongo nikamwachia Tausi alilipe.

Na bibi yako. Siku zake za mwisho, nimekaa naye kule Mkuyuni namlisha uji kwa kijiko, akaniuliza, "Ile nguo ya mwali ilipatikana?" Nikamwambia, "Bado, mama." Akasema, "Mwambieni yule mtoto airudishe tu, sina kinyongo naye." Amekufa anaamini hivyo. Kwake siwezi kwenda kusahihisha, na hilo nitakuwa nalo mpaka na mimi nifukiwe.

Utajiuliza kwa nini sasa. Ni kwa sababu ya lile blanketi jipya ulilonunua dukani Jumanne. Ulilikunja ukalisukuma ndani ya begi kwa goti, ukacheka, ukasema, "Hili hata likiibiwa halina neno." Ulikuwa unatania. Mimi niliingia jikoni nikasimama nimeshika mlango. Niliona kuwa umeshajifunza kutopenda kitu mpaka ukaogopa kikipotea, na mwalimu wako ni mimi.

Nikachukua vitenge nikaanza kukukatia vipande, nikushonee lingine kabla hujaondoka. Nilikata kumi na viwili, nikaviacha. Ilikuwa ni kubandika kiraka juu ya tundu ambalo sijakuonyesha. Wanawake wale wengi wamekufa, na kanga zao hazipo.

Kwa hiyo jana asubuhi nilikwenda sokoni. Tausi alikuwa anapanga karoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Nikamwambia yote hapo hapo nimesimama, kikapu mkononi, wateja wanapita katikati yetu. Sikumwomba twende pembeni. Pembeni ndiko nilikozoea.

Hakuacha kupanga. Nilipomaliza akasema, "Nilijua, mama."

"Ulijua nini?"

"Nililiona lile lori. Nilikuwa kona ya pale kwa kinyozi na uzi wako mkononi. Juu ya mzigo niliona mfuko wangu."

Miaka saba, Rehema. Alijua siku ile ile, bombani, mbele ya ndoo, na fimbo alizila akijua. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akaweka karoti chini, na hapo ndipo sauti yake ilipobadilika.

"Ningesema nini? Kwamba mama yake mwongo? Rehema hana baba. Angebaki na nani?"

Nililia pale sokoni, na sijali nani aliona. Yeye hakulia. Aliniuliza blanketi liko wapi, nikamsimulia Pili na karatasi ya peremende. Alicheka kidogo, akajifuta mikono kwenye kanga. "Basi mwache akae nao mfuko," akasema. Halafu akauliza: "Rehema anajua?"

"Bado."

"Anaondoka lini?"

"Keshokutwa."

"Mama, mimi nimekaa miaka saba. Siwezi kukaa tena mpaka arudi likizo."

Sikuombi unisamehe. Nilikwisha kulitumia vibaya neno hilo mlangoni pangu, sina haki ya kulishika tena kwa haraka. Ukinikasirikia, kasirika kwa muda unaoutaka, na kesho ukitaka kwenda stesheni na mama mdogo peke yake, nitakuelewa. Nitakubebea begi mpaka kwenye bajaji, nitarudi ndani.

Ila kuna kitu nimekifikiria, na nakuambia kwa sababu ya kazi unayokwenda kuisomea. Siku moja utakosea. Utampa mgonjwa dawa ya jirani yake, au utasahau kuandika kitu, na mkuu wa zamu ataingia aulize. Utasikia mdomoni sentensi ndogo, safi, yenye jina la mtu mwingine ndani yake, na sentensi hiyo haitakuwa hata uongo. Mimi yangu ilikuwa na maneno sita. Ukiisikia inakuja, nikumbuke nilivyosimama hapa barazani, na useme "ni mimi" kabla haijatoka. Utatukanwa siku hiyo moja. Mimi siku hiyo moja niliikimbia, na tazama imenipeleka wapi.

Vile vipande kumi na viwili nimeviacha juu ya begi lako, havijashonwa, na sindano na uzi. Sijui ufanye navyo nini. Vitupe ukitaka. Tausi nimempelekea ufunguo wa kasha la cherehani na kumwambia kuanzia wiki hii kila Jumamosi ni yake kama nilivyoahidi. Hajasema ndiyo, lakini ufunguo hakuurudisha.

Nasikia unaagana na msusi pale njiani. Sasa hivi utaingia uniulize umependeza, na umependeza, nakuona kutoka hapa. Nitakupa barua hii mkononi kabla sijakujibu.

Tausi anafunga meza yake saa kumi na mbili. Kichwa kinakuuma, najua. Nenda hivyo hivyo.

Mimi mama yako,
barazani, nakungoja